Risala ya wazazi wa Tukuyu kwa mgeni rasmi: msiishie kwenye mzani

Ndugu mgeni rasmi Mganga Mkuu wa Wilaya, viongozi wa kata, manesi wetu, kina mama na kina baba mlioacha chai na migomba leo, shikamooni na karibuni sana.

Sisi ni wazazi wa watoto waliozaliwa kwa shida. Wapo njiti, yaani waliozaliwa kabla ya wakati, wapo waliochelewa kulia, wapo waliopata manjano kali, na mwingine malaria ilimpanda kichwani akiwa mchanga. Watoto wa hivi ndo wa kuangaliwa kwa karibu maana ubongo unaweza ukawa umeumia na isionekane mapema. Sasa mheshimiwa, kliniki tunaenda kila mwezi, mtoto anapimwa kilo, anachomwa chanjo, kadi inaandikwa, tunarudi. Hakuna anayemlaza kwenye mkeka aangalie shingo, hakuna anayemwita aone kama anageuka. Mimi ninayesoma hapa, mwanangu alifika miezi 9 hakai, nikauliza nikaambiwa wa kiume huwa wanachelewa, nikasubiri mpaka mwaka na nusu, na ile miezi inaniuma hadi leo kwasababu mazoezi ya viungo yangeanza mapema.

Na kupima hatua za ukuaji wa mtoto sio lazima mashine. Hapo tu ukivuka mpaka wa Kasumulu, wenzetu wa Malawi wana kipimo chao kilichotoka 2010, cha watoto mpaka miaka 6, kina vipengele 136, unaangalia anavyokaa na kutembea, anavyotumia vidole, anavyoongea, anavyoishi na watu, na vitu vyake ni vile ambavyo mtoto wa kijijini anavijua. Kama Malawi wameweza, wilaya yetu ya Rungwe inashindwa nini?

Tunaomba manesi na wahudumu wa afya wa vijijini wafundishwe kazi hii. Njiti wahesabiwe umri wao sawasawa, aliyezaliwa miezi 2 kabla ya wakati akifikisha miezi 6 aangaliwe kama wa miezi 4, la sivyo mama anatishwa bure. Mama akisema ana wasiwasi, asikilizwe siku hiyohiyo. Na mtaalamu wa mazoezi awe anatufuata huku hata mara moja kwa mwezi, maana nauli ya kwenda Mbeya mjini na mtoto wa miaka 4 mgongoni, kwakweli wengi wameishia njiani.

Kikundi kimechanga, tumenunua mkeka, vikombe, mpira na njuga moja, tunakukabidhi leo uvipeleke kliniki waanze navyo.

Naomba kuwasilisha.