Kabla ya kuuza ubao, sogeza pezi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua ili nimjibu msomaji mwenzangu aliyelalamika kwamba ubao mrefu wa kutelezea mawimbini haufai katika bahari yetu, kwa kuwa ule alioununua kwa mtalii aliyekuwa akirudi kwao ni mgumu kama gogo na haukubali kukata kona. Simfahamu wala sijauona ubao wake. Hata hivyo, nimeteleza katika ufukwe wa Coco misimu kadhaa ya kusi, na malalamiko kama hayo nimeyasikia mara nyingi kwa watu ambao hawajawahi kuligusa pezi lililo chini ya ubao tangu siku walipoupata.

Pezi si pambo. Zamani mbao za Waikiki, ufukwe wa Hawaii, hazikuwa nalo, na mtelezaji aliyetaka kugeuka alilazimika kuburuta mguu majini, mpaka mwaka 1935 Tom Blake, mtelezaji wa Kimarekani, alipofunga mkuku wa boti kuukuu, yaani ule uti wa chini yake, chini ya ubao wake na kuona kwamba tezi, yaani sehemu ya nyuma, limeacha kuteleza ovyo. Nahodha wa jahazi angemwelewa bila kuelezwa. Jambo ambalo huenda asilitarajie ni kwamba pezi la ubao mrefu wa siku hizi halikugandishwa mahali pamoja: hukaa ndani ya mfereji wenye urefu wa inchi kumi hivi, nyuma likishikwa na kijiti kilichopita kwenye shina lake, na mbele likikazwa kwa skrubu inayoingia katika kibati cha mraba. Ukilegeza skrubu hiyo kwa bisibisi, pezi lote linakwenda mbele au nyuma.

Hapo ndipo ningependa ndugu yangu aanzie. Pezi likiwa nyuma kabisa, ubao hushika njia yake na kutulia, lakini kuugeuza kunadai nguvu. Likisogezwa mbele, ubao hugeuka kwa wepesi, ila katika wimbi lililosimama wima tezi linaweza kuponyoka. Aliweke kwanza katikati ya mfereji, atie alama ya penseli, ateleze mawimbi yasiyopungua kumi, kisha alisogeze sentimita moja tu na kujaribu tena. Wengi hulisogeza inchi mbili kwa mkupuo, wakaharibikiwa, halafu wasijue kilichowaharibia. Tena jaribio lifanywe siku ambayo bahari haibadiliki sana, maana ukilinganisha wimbi la asubuhi na la jioni baada ya upepo kuzidi, utakuwa unapima upepo.

Kuhusu ukubwa, kanuni ya kuanzia kwa pezi moja ni inchi moja ya pezi kwa kila futi ya ubao, yaani ubao wa futi 9 huvaa pezi la inchi 9. Mtu mwepesi anaweza kupunguza, na mzito akaongeza. Umbo nalo lina neno lake. Pezi lililosimama wima na kubaki pana mpaka karibu na ncha humfaa anayependa kutembea mpaka omo, yaani ncha ya mbele ya ubao, na kusimama pale, kwa sababu hulizuia tezi lisiteleze pembeni wakati uzito wote umehamia mbele. Pezi lililolala kuelekea nyuma, mfano wa lile la mgongoni mwa pomboo, hutoa kona ndefu za taratibu. Yapo pia membamba yanayopinda na kurudi kama mkia wa samaki, ambayo George Greenough, mtelezaji na mbunifu wa Kimarekani, aliyafanyia kazi katika miaka ya 1960, lakini kwa mawimbi yetu mafupi sioni haja ya kuyaagiza kutoka mbali.

Nashuku zaidi jambo jingine. Mbao nyingi za mitumba huja na mapezi matatu, kubwa la kati na madogo mawili ya pembeni, na anayezipokea hufunga yote akidhani kwamba madogo ni kama matengo ya ngalawa, yaani yanazuia kupinduka. Hayana kazi hiyo. Mapezi ya pembeni huuma ukuta wa wimbi pale ubao unapoinamia upande mmoja, na faida yake huonekana wimbi linapokuwa kali. Anayeyafunga hupaswa kulipunguza lile la kati, pengine mpaka inchi 7. Akiacha la inchi 9 likae pamoja nayo, amejitengenezea gogo kwa mikono yake mwenyewe. Aangalie pia kwamba uso bapa wa kila pezi dogo unatazama ndani na ule uliobinuka unatazama nje, kwani kushoto na kulia kukibadilishana, ubao huburuta maji kana kwamba umefungwa nanga. Kwa wimbi dogo la Coco, mimi huyavua madogo yote mawili.

Mwamba wetu nao hausamehe. Wakati wa bamvua, yaani siku za maji makuu, maji hupwa zaidi ya mita tatu, na pezi la inchi 9, ambalo ni kama sentimita 23, hugota matumbawe kabla mtelezaji hajahisi kina kimepungua. Nimekwisha kuvunja moja kwa namna hiyo. Jingine lilizama kwa sababu fundi mmoja alinifungia kwa skrubu ya mbao badala ya ile inayoingia kwenye kibati, na ubao ukazunguka katikati ya wimbi kama sinia huku watoto wakinishangilia kutoka ufukweni. Tangu hapo huifunga mwenyewe skrubu isiyoshika kutu, naikaza ya kutosha bila kuing'oa nyuzi, na kuisuuza kwa maji baridi nikitoka baharini.

Basi namwomba ndugu yangu apime pezi lake la kati, ahesabu ya pembeni, na atazame liko sehemu gani ya mfereji. Akishavua, akapunguza na kusogeza kama nilivyoeleza, na ubao ukabaki gogo, aniarifu kupitia safu hii. Niko tayari kuununua kwa bei ileile aliyomlipa mtalii.

Msomaji wako,
Msasani, Dar es Salaam