Vidonge vya binti yangu si vya kubadilisha jinsia

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako tangu nikiwa msichana na sijawahi kukuandikia hata mstari mmoja. Ile taarifa yenu ya ukurasa wa pili, iliyowatia huntha (watu waliozaliwa na maumbile ya jinsia yasiyolingana na yale ya kawaida ya kike au ya kiume), waliobadili jinsia na wapenzi wa jinsia moja katika kapu moja na kuwaita wote "wimbi la kuiga", imenishinda kunyamazia.

Huntha haigi. Huzaliwa hivyo. Tezi za juu ya figo za binti yangu haziwezi kutengeneza homoni ya kotisoli ya kutosha; badala yake zilimwaga homoni za kiume kwa wingi angali tumboni, viungo vyake vya nje vikaumbika kwa namna iliyomfanya mkunga asite kutaja jinsia. Kromosomu zake ni XX, ambazo kwa kawaida ni za kike, ana ovari na mji wa mimba. Huntha mwingine ana kromosomu XY, ambazo kwa kawaida ni za kiume, lakini mwili wake hauitikii homoni za kiume, akakua msichana machoni pa wote mpaka umri wa hedhi ukafika na hedhi isije. Hayo ni maumbile. Mtu anavyojitambua, kwamba ni mwanamume au mwanamke, ni jambo jingine. Moyo wake unampenda nani, hilo ni la tatu. Ukijua moja kati ya hayo, mawili yaliyobaki bado hujayajua, na ndivyo ilivyo kwa kila binadamu, si huntha peke yake.

Mwandishi wenu alitumia hata sensa ya 2019, iliyohesabu huntha 1,524, kuonyesha kwamba "mambo haya yanaenea". Mwaka huo ndio Kenya ilipowahesabu kwa mara ya kwanza! Hesabu ya kwanza inalinganishwa na ipi? Na kwa jinsi jamaa wanavyowaficha watoto hawa, naamini wengi hawakutajwa mlangoni.

Sasa sikia taarifa hiyo ilivyofika kwangu. Binti yangu yuko shule ya bweni. Humeza vidonge vya haidrokotisoni, vinavyoziba pengo la ile kotisoli, kila siku kwa saa zake, na akishikwa na homa dozi huongezwa, kwa kuwa mwili wake hauna akiba ya kupambana na ugonjwa. Akivikosa, shinikizo la damu hushuka, sukari hushuka, na anaweza kufa. Barua ya daktari iko kwenye faili lake tangu siku alipojiunga. Siku chache baada ya kuisoma taarifa yenu, mwalimu wa bweni alivichukua vidonge, akavifungia ofisini na kumwambia mbele ya wenzake kwamba shule hairuhusu "dawa za kubadilisha jinsia". Mtoto alikuwa tayari ana homa. Akaogopa kubishana na mkubwa. Usiku akatapika, asubuhi hakuweza kusimama. Nilimkuta hospitalini ametundikiwa dripu, midomo imekauka, na swali lake la kwanza lilikuwa kama ni kweli dawa zile zinamgeuza kuwa mvulana. Miaka yote nimemfundisha mwili wake bila aibu, nikajibu kila alichouliza, na gazeti likaja kuyabomoa kwa safu moja ya maneno ambayo hakuna aliyejisumbua kumuuliza daktari. Mwalimu yule aliamini kilichochapishwa.

Wala simsafishi mwanangu kwa kuwapaka wengine matope. Shirika la Afya Duniani liliondoa mapenzi ya jinsia moja kwenye orodha ya magonjwa mwaka 1990, na tangu 2022 orodha yake haiwaweki waliobadili jinsia chini ya magonjwa ya akili. Nao pia mmewaandika kama ugonjwa wa kuambukiza.

Na hospitali nazo zinisikie. Alipokuwa mchanga, wanafunzi wa udaktari waliitwa kundi kwa kundi kumfunua na kumtazama, hakuna aliyeniomba ruhusa wala kunijulia hali. Sheria ya Watoto ya 2022 inamtaja mtoto huntha waziwazi na kumpa haki ya heshima, na inakataza viungo vyake kukatwa au kubadilishwa bila ushauri wa mtaalamu wa jenetiki. Ningependa kuiona imebandikwa kwenye kila wodi ya wazazi, mahali ambapo mama aliyelala anaweza kuisoma.

Kwako Mhariri, taarifa yoyote kuhusu jinsia isiende mitamboni kabla ya kusomwa na daktari wa homoni za watoto pamoja na mzazi mmoja wa mtoto huntha. Mimi niko tayari, bila malipo, kila Jumanne baada ya saa kumi alasiri. Marekebisho yatoke ukurasa uleule wa pili, kwa herufi za ukubwa uleule, yakiwataja walimu wa mabweni. Ile picha ya mtoto mliyoiweka, hata kama mmemziba macho, iondoeni leo.

Mama mzazi, Nakuru
(Jina limehifadhiwa kwa ajili ya mtoto)