Bangi na Mkojo: Jibu la Barua Yako

Swahiba wangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, hofu ni kwako. Ama baada ya salamu, barua yako nimeisoma mara mbili na nikacheka pale uliposema umeanza kunywa siki kila asubuhi ili bangi itoke kwenye mkojo kabla hujapimwa. Acha. Siki itakuchoma tumbo bure, na bangi haitatoka hata siku moja mapema kwa ajili yake.

Unataka kujua bangi huonekana kwenye mkojo kwa siku ngapi baada ya kuvuta. Kila anayeniuliza hapa maabara anataka nambari moja, nami sina. Aliyevuta mara moja akaishia hapo, kwa kawaida haipiti siku 3. Wa mara kadhaa kwa wiki, hesabu 5 mpaka 7. Wa kila siku, 10 mpaka 15. Na yule anayeamka na msokoto na kulala na msokoto, miaka nenda miaka rudi, anaweza kuacha kabisa na mkojo wake ukaendelea kumsema hata baada ya siku 30. Wewe unajua uko kundi gani. Mimi pia najua.

Shida ni mafuta. Pombe huchanganyika na maji ikapita zake, lakini THC, ile kemikali inayolevya, hupenda mafuta. Hujificha humo mwilini, kisha hutoka kidogo kidogo kwenda kwenye ini, na mabaki ya kazi ya ini ndiyo tunayoyatafuta kwenye mkojo. Kwa hiyo kipimo hakisemi umelewa sasa hivi. Kinasema tu kwamba ilipita hapa. Watu wengi, wakiwamo mabosi, hawalielewi hilo.

Kipimo cha awali mara nyingi kina mpaka wa nanogramu 50 kwa mililita. Chini ya hapo unaandikwa hasi, hata kama chembe zimo. Ukizidi, sampuli huenda kwenye mashine ya uthibitisho, ambayo mpaka wake wa kawaida ni 15. Na usishangilie mapema: mvutaji mzito aliyeacha anaweza kuwa hasi leo, chanya keshokutwa, kisha hasi tena, kwa kuwa mkojo mzito wa asubuhi si sawa na ule mwepesi wa mchana.

Najua hapo umeshawaza ndoo ya maji. Tunapima kreatinini pia, ile taka ya misuli ambayo huwa kwenye mkojo wa kila mtu, ndugu yangu. Ikiwa chini mno, jibu linaandikwa kwamba mkojo umezimuliwa, na unaitwa upya. Mkojo wa kuazima kwa mtu mwingine nao huumbuka kwa joto: ndani ya dakika 4 unatakiwa uwe kati ya nyuzi 32 na 38. Hizo chai za kusafisha mwili ulizonitajia ni njia ghali ya kwenda chooni mara kwa mara.

Wala usijitetee kwamba ulikaa tu karibu na wavutaji. Labda kama mlijifungia chumbani bila hewa, moshi umetanda hadi hamuonani, na hata hapo ni suala la saa chache.

Lakini kama kuna dawa unazomeza, ziandike kwenye fomu kabla ya kupimwa. Efavirenz, kwa mfano, dawa ya virusi vya UKIMWI, imewahi kufanya baadhi ya vipimo vya awali vimsingizie mtu ambaye bangi hajaigusa. Mashine ya uthibitisho haina makosa hayo, kwa hiyo mtu wa namna hiyo asikubali jibu la kwanza liwe la mwisho.

Kwako wewe dawa ni kuacha na kungoja, hakuna nyingine. Ukiweza kuomba tarehe ya kupimwa isogezwe mbele, omba. Na nijibu upesi uniambie siku uliyovuta mara ya mwisho, ile ya kweli, si ile uliyomwambia shemeji yangu.

Wako wa siku zote