Somo yangu, usiirushe tena hiyo betri

Kwako somo yangu mpendwa,

Assalaam aleikum, na mkono wa Idd kwako na kwa wote wa nyumbani. Sisi huku Dar hatujambo. Ujumbe wako na zile picha za betri iliyovimba ya droni yako ya kupigia picha za harusi nimezipata, nimezikuza nikazitazama kwa makini, na nimeona nikuandikie barua nzima badala ya kukujibu vipande vipande kwenye simu. Jambo lenyewe lina hatari, na pia lina haki yako ndani yake. Ukilifanyia pupa utajiumiza, au utaipoteza hiyo haki.

Nianze na hatari. Huyo muuza duka aliyekwambia "irushe tu mpaka ife yenyewe" usimsikilize. Hata kwa dakika tano, hata kama wenye harusi wameshalipa nusu. Betri iliyotuna vile hairudi kuwa kama zamani. Ndani ya lile kasha gumu mna vifuko vinne vya foili vilivyozibwa pande zote, kila kimoja ni seli yenye volti 3.7 au zaidi kidogo, na ndani ya kila seli mna kemikali ya majimaji inayopitisha chaji. Kemikali hiyo ikipata joto kali, au seli ikikaa imejaa pomoni kwa wiki nyingi, au ikiishiwa chaji kupita kiasi, au ikiwa imetoka kiwandani na kasoro yake, huanza kuvunjika na kutoa gesi. Gesi haina pa kutokea. Ndiyo maana betri yako imefura kama andazi, na mshono wa kasha umeanza kuachana.

Huo mshono ndio ulionitisha zaidi. Betri ya droni yako hushikwa na klipu mbili za pembeni. Kasha likipanuka hata milimita chache, klipu hazishiki sawasawa, na unajikuta unaisukuma kwa kiganja ili iingie. Ikishakuwa angani, mtikisiko wa mota unamalizia kazi. Mwaka 2016 kampuni ya GoPro ya Marekani iliwaita wateja wake wote warudishe droni za Karma, kama 2,500 hivi, wiki mbili tu baada ya kuanza kuziuza, kwa sababu baadhi zilikuwa zikikatika umeme hewani. Baadaye ikaonekana tatizo lilikuwa kwenye sehemu inayoshikilia betri. Na betri zile hazikuwa zimevimba! Wewe kazi yako ni juu ya vichwa vya watu: kina mama wamekaa kwenye mikeka, watoto wanakimbizana uwanjani. Droni ya karibu kilo moja ikizimika pale juu, hakuna wa kuizuia.

Umeniandikia kuwa umeihifadhi kabatini, chini ya kanga. Somo, ukimaliza aya hii nenda kaitoe. Chukua debe au sufuria kuukuu ya chuma, weka mchanga mkavu chini, ilaze betri, uifunike kwa mchanga mwingine. Iweke nje pasipo jua wala mvua, mbali na mtungi wa gesi na mbali na mlango, watoto wasipafikie. Usiichaji "kuona kama bado inashika". Usiitoboe ili gesi itoke. Ukiitoboa, tabaka za ndani ya seli yenye chaji huweza kugusana, na moto uko hapohapo. Na wale watakaokushauri uitumbukize kwenye ndoo ya maji ya chumvi, wana nia njema, lakini chumvi huzila zile ncha za chuma kabla umeme haujaisha ndani, ukabaki na betri yenye nguvu ambayo huwezi tena hata kuipima. Ikitokea imeanza kutoa moshi au sauti ya "ssss", toka na wote waliomo, usisimame kuutazama. Moshi wake una gesi ya floridi ya hidrojeni, nayo huunguza mapafu.

Uliniuliza imekuwaje betri moja ivimbe na mbili zibaki nzima. Kwa mbali siwezi kuapa, ila nakumbuka ratiba yako. Mwezi wa Shaaban una harusi mpaka siku za kazi, halafu Ramadhani inaingia na shughuli zinasimama mwezi mzima. Betri iliyochajiwa kwa harusi ambayo haikufika, ikaachwa imejaa kwenye joto la Tanga, huteseka kimyakimya. Betri nyingi za siku hizi hujishusha chaji zenyewe baada ya siku kadhaa mpaka kiasi cha nusu hivi, lakini uwezo huo unatofautiana baina ya aina na aina, na wakati mwingine unazimwa au unachelewa kwa mpangilio wa programu. Huenda pia ni kasoro ya kiwanda, maana zote tatu zilikaa kabati moja, zikatumia chaja moja, na ni moja tu iliyovimba. Hoja hiyo ni nzito. Itaje kwenye madai yako.

Tukija kwenye waranti, hapa ndipo wengi wanapokata tamaa mapema. Dukani wamekwambia "betri haina waranti". Fungua kijitabu kilichokuja na droni, ukurasa wa waranti. Mara nyingi utakuta kila kifaa kina muda wake: droni yenyewe labda mwaka mmoja, mapanga yake yanayozunguka hayana kitu, na betri miezi sita au kumi na miwili, kwa sharti kwamba haijafikisha mizunguko 200 ya kuchaji. Wewe umenunua mwezi wa kumi na mbili, na kwenye picha uliyonitumia betri hiyo ina mizunguko 61. Hata ukiwa na ule muda mfupi wa miezi sita bado umo ndani, ila siku zinakwenda. Usingoje "wiki ijayo" ya muuza duka. Tarehe ya madai ihesabike tangu siku ulipoandika, na ndiyo sababu nataka uandike.

Kabla ya kuandika, kusanya ushahidi. Risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi, unayo, alhamdulillahi, lakini karatasi ile hufutika kwa joto; itoe kwenye pochi leo, ipige picha inayosomeka mpaka ule msimbo wa uhakiki wa mamlaka ya mapato, TRA, kisha katoe kopi. Piga picha ya betri kwa ubavu ikiwa juu ya kioo au meza iliyonyooka, ili mwanga uonekane ukipita chini yake, na uweke rula pembeni. Piga nyingine ya betri iliyovimba na nzima zikiwa sambamba. Piga ya namba ya utambulisho iliyobandikwa kwenye kasha. Kumbukumbu za kila safari, pamoja na volti za seli, zimo kwenye programu ya droni ndani ya simu yako. Chukua picha za skrini za safari ya mwisho. Tafadhali usiishindilie betri ndani ya droni ili upate picha nzuri zaidi. Ulizonazo zinatosha.

Ujue pia kwamba betri yenyewe ina chipu inayotunza hesabu ya mizunguko na hitilafu zilizotokea. Fundi wa kampuni akiiunganisha anaona. Kwa hiyo sema kweli tupu, hata pale unapodhani itakupunguzia nafasi. Ukiulizwa ilikaa na chaji kiasi gani Ramadhani nzima, jibu ulivyofanya. Sidhani kijitabu chako kinasema kupumzisha betri mwezi mmoja ni kosa. Yanayokataliwa mara nyingi ni kuanguka, maji, chaja isiyo yake, kufunguliwa na fundi wa mtaani.

Barua kwa duka iwe fupi. Mimi ningeandika hivi:

"Nilinunua kwenu droni pamoja na betri tatu, tarehe na namba ya risiti ni kama zinavyoonekana kwenye kiambatisho. Betri yenye namba hii imevimba kwa matumizi ya kawaida, ikiwa na mizunguko 61. Haijaanguka wala kuingia maji, na imechajiwa kwa chaja iliyokuja nayo. Betri nyingine mbili zilizotunzwa pamoja nayo ni nzima. Niliacha kuitumia siku niliyoigundua. Naomba mnibadilishie kwa mujibu wa waranti, na mnijibu kwa maandishi."

Basi. Usiongeze malalamiko kuhusu alivyokujibu yule kijana. Unastahili kukasirika, lakini hasira ikiingia kwenye barua watajibu hasira na kuiacha betri. Nakala ya barua hiyohiyo itume kwa kampuni yenyewe kupitia ukurasa wake wa huduma kwa wateja, siku hiyohiyo, ukiuliza kama droni yako imesajiliwa kwa ukanda wetu. Mizigo mingi ya Kariakoo inapita Dubai, na kuna kampuni ambazo waranti yake hufuata nchi iliyouziwa kwanza. Ikiwa ni hivyo, mzigo wa kukuridhisha unabaki kwa duka lililokupa risiti, na lisikufukuze kwa kusema "wasiliana na kiwanda". Wakikaa kimya au wakikataa bila sababu, ipo Tume ya Ushindani, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inagusa pia haki za mlaji juu ya ubora wa bidhaa anazouziwa. Nimeona madai yakianza kwenda mbele mara tu mteja alipoitaja Tume kwa adabu.

Sasa hilo la shemeji yako anayekwenda Guangzhou kufuata mzigo, kwamba aichukue betri aipeleke kiwandani. Mkatalie kabisa. Betri za akiba za lithiamu, hata zikiwa nzima, haziingii kwenye begi la mizigo. Abiria hupanda nazo mkononi zikiwa chini ya wati-saa 100 (kipimo cha umeme uliomo ndani ya betri), na zikiwa kati ya 100 na 160 lazima shirika la ndege likubali kwanza. Yako ni ya volti 15.4 na ampia-saa 3.85, zidisha, utapata wati-saa 59. Nzima ingepita. Iliyovimba haipiti kwa namna yoyote, si mkononi, si kwenye begi, si kama kifurushi. Ndege ina watu mia mbili au zaidi, na hakuna wa kuisimamisha njiani. Vilevile usiitume Dar kwa basi ndani ya boksi la viatu. Kuna kampuni zinazokubali picha na namba ya betri bila kuitaka yenyewe. Wakiitaka, wao ndio waseme itasafirishwaje na nani atailipia, na waseme kwa maandishi.

Kwa sababu hizohizo, ukikubaliwa uwe na subira. Tangu tarehe 1 Aprili 2016 betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake haziruhusiwi kama shehena kwenye ndege za abiria, kwa hiyo mpya itakuja kwa ndege ya mizigo au kwa meli. Ikifika, usisaini mpaka umeangalia tarehe ya kutengenezwa, mizunguko iwe sifuri au inayokaribia, na klipu zote mbili zishike bila kusukumwa. Uliza kama ina waranti mpya au inamalizia siku za ile ya kwanza. Nyingi humalizia.

Mpaka hapo, fanya harusi za mwezi huu kwa betri mbili. Zikague kila asubuhi juu ya kioo kama nilivyokueleza. Zikitoka kurushwa zisubiri zipoe kabla ya kuchajiwa, zisibaki kwenye dashibodi ya gari, na kazi ikiahirishwa zishushe mpaka karibu nusu. Harusi ya Pongwe uliyosema ni ya saa nyingi, waambie wenyewe mapema kwamba picha za juu zitakuwa za msafara na za kuingia bibi harusi tu. Wataelewa.

Nitumie rasimu ya barua kabla hujaipeleka dukani, niisome usiku huohuo. Na ukishaitoa ile betri kabatini nipigie, hata kama ni saa sita za usiku, nijue imeshatoka.

Wasalaam,
somo yako