Zhang Yimou sio panga tu

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo maana hili limenikaa rohoni. Kila mkigusia filamu za Kichina kwenye ukurasa wa burudani ni panga, mishale na watu wanaoruka juu ya mianzi, na mwongozaji wao Zhang Yimou mnamtaja kwa filamu ya Hero ya 2002 na ile sherehe ya kufungua Olimpiki ya Beijing 2008, basi. Mnamnyima haki yake.

Huyu mzee kazaliwa Xi'an mwaka 1950, baba yake alikuwa afisa wa jeshi la Kuomintang, yaani upande ulioshindwa vita na Wakomunisti, kwa hiyo Mapinduzi ya Utamaduni ya Mao yalipokuja ile familia ilikuwa na doa na kijana akapelekwa kijijini kulima, halafu akaingizwa kiwanda cha nguo kule Xianyang akakaa miaka 7. Humo kiwandani ndo akashikwa na mambo ya kupiga picha, inasimuliwa mpaka aliuza damu yake apate hela ya kamera. Chuo cha Filamu cha Beijing kilipoanza kupokea wanafunzi tena 1978 akaambiwa umri umeshapita, akafunga picha zake na barua akapeleka wizarani, wakamkubalia! Alipomaliza akaanza kama mpiga kamera, na 1988 filamu yake ya kwanza kuongoza mwenyewe, Red Sorghum, ikabeba Dubu wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu kule Berlin. To Live ikapata Grand Prix, tuzo ya pili kwa ukubwa, kwenye tamasha la Cannes 1994 ila kwao China ikazuiwa isionyeshwe.

Lakini mimi nataka kusema juu ya Not One Less ya 1999. Nimefundisha shule za msingi za vijijini miaka mingi, chaki ilikuwa inahesabiwa, na sijawahi kuona mtu akaiweka chaki kwenye filamu vile. Mwalimu anaenda kumuuguza mama yake, anamwachia darasa binti wa miaka 13 na chaki za kuhesabu, kipande kimoja kwa siku. Mtoto mmoja mtundu anafanya vurugu, chaki zinamwagika zinakanyagwa, halafu inasomwa daftari ya mwanafunzi mwenzao alivyoandika kwa uchungu kwamba mwalimu wao vumbi la mwisho la chaki alikuwa halitupi. Hapo nilisimamisha filamu nikatoka nje kwanza.

Yule mtundu baadaye anaacha shule anaenda mjini kutafuta kibarua na binti anamfuata, anasimama geti la kituo cha televisheni na kila mwanaume mwenye miwani anamuuliza kama yeye ndo meneja. Hakuna mapigano wala muziki mkubwa, na waigizaji sio mastaa, ni watu wa kawaida kabisa, huyo binti anaitwa Wei Minzhi kwenye filamu na nje ya filamu ni Wei Minzhi hivyohivyo. Ikapewa Simba wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu kule Venice, na kwangu mimi hiyo ndo kazi yake kubwa kuliko zote, hata zile zenye majeshi na mavazi ya mamilioni.

Siku hizi tamthilia za Kichina zinawekewa sauti za Kiswahili na watu wanazifuatilia kweli. Basi andikeni na hii, wanaonunua vipindi wasome, iwekewe sauti walimu wa vijijini nao waione.

Mwalimu mstaafu,
Singida