Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Wilaya: mpira namba 16

Kwako Mganga Mkuu wa Wilaya yetu,

YAH: MPIRA WA MKOJO NAMBA 16

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kwanza pole na majukumu, Daktari. Najua una vikao. Nimekufuata ofisini mara tatu, na mara zote tatu ulikuwa kikaoni. Mara ya tatu katibu muhtasari wako alinihurumia, akanivutia kiti, akasema, "Dada, andika barua." Niliandika. Ikagongwa muhuri wa kupokelewa, na nakala ninayo hapa mezani, ina miezi mitano sasa. Ndiyo maana hii ya leo naiandika mahali ambapo hata ukiwa kikaoni wengine wataisoma. Uniwie radhi.

Baba yangu ana miaka 74. Kiharusi kilimpata mwaka juzi akiwa anapakia ndizi za kwenda mnadani. Upande wa kulia ukafa, na maneno yakaenda nao. Hajakaa sawa, tezi dume ikaziba njia ya mkojo. Hospitali wakasema upasuaji usubiri presha itulie, na presha haijatulia, kwa hiyo anaishi na mpira wa kutolea mkojo. Mpira unabadilishwa kila baada ya wiki nne. Zahanati iko mwendo wa dakika ishirini kutoka nyumbani, lakini mpira haubadilishwi pale. Unabadilishwa hospitali, na hospitali ni kushuka mteremko hadi lami, halafu gari.

Usiku wa Jumamosi iliyopita mpira uliziba. Niligundua saa sita, nilipoamka kumgeuza. Mfuko ulikuwa mkavu, tumbo chini ya kitovu limesimama, na baba anatoka jasho kwenye baridi hii ya kwetu ambayo mtu analala na blanketi mbili. Hawezi kusema anaumwa wapi. Alinishika mkono kwa ule wa kushoto na hakuuachia.

Nilipiga namba 115. Najua kabisa ni ya wajawazito na watoto wachanga, lakini saa sita usiku mtu hupiga namba yoyote anayoikumbuka. Walinijibu kwa adabu kwamba baba si mzazi. Kweli, si mzazi. Pikipiki haikupandika, mvua ilikuwa imenyesha tangu alasiri, na hata wale wanaofunga minyororo kwenye tairi la nyuma walikataa. Wakaja majirani wanne. Tulimbeba kwa miti miwili na blanketi, kama tunavyobeba maiti, na mama mmoja bondeni alipoona tochi zetu akaanza kulia msiba. Ilibidi nimpigie kelele kwamba mtu yuko hai. Kwenye lami tulipata Noah iliyotoka kupeleka maparachichi, shilingi elfu sitini, malipo kwanza.

Hospitalini nesi alikuwa mmoja, wodi nzima. Hapa naomba usinielewe vibaya, maana najua barua kama hizi zikifika huko juu anayeandikiwa barua ya kujieleza ni nesi. Yule binti hana kosa. Alifungua kabati mbele yangu: mipira minene ya namba 22 ilikuwepo, namba 16 ya baba hakuna. Duka la nje lilikuwa limefungwa mpaka asubuhi. Akapiga simu huku na huku, akatoka akikimbia, akarudi na namba 14 aliyoikuta kwenye droo sijui ya chumba gani. Glavu alizovaa alizitoa kwenye mkoba wake mwenyewe. Nilimuona. Mkojo uliotoka ulijaza chombo cha lita moja ikabidi achukue kingine. Baba, ambaye hajatamka neno la kueleweka tangu Pasaka, akasema, "Basi." Yule nesi akageukia ukutani akafuta macho kwa kiwiko.

Sasa turudi kwenye ule mkutano wako kijijini kwetu, Daktari. Unaukumbuka? Uwanja wa shule ya msingi, wewe umesimama kivulini chini ya mparachichi. Tulikupikia mbalaga, zile ndizi zetu za kupika, na kuku wa kienyeji, ukasema chakula cha huku hakina mpinzani. Ukasema na jingine, nami nililiandika nyuma ya daftari la mwanangu: "Mgonjwa wa kitandani hatafuata huduma, huduma ndiyo itamfuata." Tulipiga makofi. Mzee mmoja alisema "ndaga fijo", asante sana, mpaka akakabwa na kikohozi. Kuku ulimmaliza. Huduma sijui ilipotelea kona gani, pengine iliogopa utelezi.

Siku ile ulitueleza pia habari za wahudumu wa afya ngazi ya jamii, mpango uliozinduliwa Januari 2024, wahudumu 137,294 nchi nzima, wawili kwa kila kitongoji. Kitongoji chetu kina haki ya wawili. Mpaka leo hata nusu ya mmoja sijamuona. Labda wako mafunzoni. Labda zamu yetu ni ya mwisho kwa sababu tuko juu. Kisimani wanasema majina yalitoka kijijini yakiwa haya, yakarudi mengine. Sina ushahidi, nakuletea yanayosemwa tu.

Tumeambiwa pia kwamba mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo anatibiwa bure, na kwenye Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 suala la matibabu yao limo. Kadi ya baba ninayo, nimeitia nailoni. Hospitali kuna dirisha limeandikwa "WAZEE" kwa rangi ya bluu, maandishi mazuri tu. Nikipeleka kadi nashauriwa nikanunue nje. Kwa hiyo matibabu ni bure, vinavyouzwa ni vifaa. Mpira nanunua, mfuko nanunua, glavu nanunua, jeli nanunua. Sijui kama ni Bohari ya Dawa hawaleti au ni huku kwetu hamwagizi, au vinaletwa vikaishia njiani. Wewe ndiye unayejua, na ungetuambia tungekuelewa.

Watu huniuliza ndugu wengine wako wapi. Kaka zangu wako Dar na Tunduma, wananitumia pole kwa simu, na mwisho wa mwezi elfu ishirini. Wifi yangu yuko jirani, roho yake nzuri, lakini kwa mila zetu za Kinyakyusa mkwe hatakiwi hata kupishana njiani na baba mkwe, sembuse kumgeuza kitandani. Nimebaki mimi. Nilikuwa na meza ya mitumba sokoni Mwanjelwa, Mbeya, niliiacha "kwa wiki mbili" nije kumuuguza, na wiki mbili zile hazijaisha. Meza nimeshaiuza. Kengele ya simu yangu inalia saa nne, saa sita, saa nane, saa kumi, kila usiku, ili asipate vidonda. Na bado alipata kimoja kiunoni, upana wa sarafu ya mia mbili, nikakihangaikia miezi mitatu mpaka kikafunga. Mashuka wakati wa mvua hayakauki, nayakausha juu ya jiko, yananuka moshi, na yeye anakohoa moshi huo huo.

Mwezi wa kwanza nilikuwa namuosha gizani, nimezima taa, kwa sababu binti kumsafisha baba yake ni jambo zito. Naye alikuwa anafumba macho. Siku hizi taa inawaka na hakuna anayefumba. Hili sikuliandika kwenye ile barua ya muhuri, nilidhani haliwahusu.

Naomba nini? Nilipoanza kuandika nilikuwa na orodha: gari la wagonjwa lisilokuwa gereji, kiti cha magurudumu, wale wahudumu wawili, dawa za presha zisizokatika, na mtu wa kumnyoosha baba mkono kabla haujakauka kabisa. Barabara nayo, ingawa najua si idara yako. Orodha imekuwa ndefu, na kitu kirefu ofisini kwako hupelekwa kikaoni. Naifuta.

Nabakiza moja. Muuguzi wa zahanati yetu anajua kubadilisha mpira. Nimemuuliza, amesema alifundishwa chuoni na alifanya alikotoka. Anasema hapa hana vifaa wala maelekezo. Mpe. Mpe vifaa na karatasi yenye muhuri wako, ule ule uliogonga barua yangu. Mara moja kila wiki nne, dakika ishirini za kutembea, mchana, watu wawili wanatosha kumbeba, au yeye apande kwetu kama ulivyosema chini ya mparachichi. Kwenye kata hii si baba peke yake. Nawajua wengine watatu, mmoja ni kijana aliyeanguka na pikipiki.

Siku ya kubadilisha ni tarehe 14, Jumatano. Ule namba 14 wa Jumamosi ni mwembamba na unavuja, nesi alisema usizidishe hapo. Namba 16, mfuko mmoja, glavu jozi mbili, jeli. Ukishindwa na mfuko, mfuko nitanunua.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Binti wa mgonjwa, kitongoji cha juu kabisa, nyumba ya mwisho kabla ya msitu.