Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Darasa la Kutengeneza Michezo ya Kompyuta, Lamu

Ndugu wanachama, Assalaam alaykum.

Ahsanteni kwa kufika, hasa mliotoka Shela na Matondoni, na ninyi mliovuka kutoka Mokowe. Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina. Mimi nitagusia vifaa, kisha niingie darasani, maana huko ndiko kwenye habari.

Kompyuta zetu nyingi ni kuukuu, na hilo limetuletea kazi. Scratch, programu tunayotumia kutengenezea michezo, toleo lake la 3.0 lililotoka Januari 2019, haikubali kuwekwa kwenye mashine ya Windows 7. Inataka Windows 10 au ya baadaye. Mashine za zamani tumeziachia toleo la 2. Mchezo uliotengenezwa kwenye toleo la 2 hufunguka kwenye la 3, lakini wa toleo la 3 haurudi nyuma. Ndiyo sababu wanafunzi wapya wote huanzia mashine kuukuu, kisha huhamia mpya na kazi zao kwenye flashi. Wazazi mlionung'unika kwamba kuna upendeleo, jibu ni hilo.

Kuna mzazi pia aliuziwa programu hii mtaani. Jamani, Scratch ni ya bure. Ilitengenezwa na kundi la Mitchel Resnick pale chuo kikuu cha MIT, Marekani, ikatolewa kwa umma mwaka 2007, na tangu hapo haijauzwa. Mwenye kuitaka aje na flashi yake, atapewa. Ikishawekwa haihitaji intaneti, kwa hiyo siungi mkono pendekezo la kununua bando kila mwezi. Fedha hizo ziende kwenye betri, kwa sababu umeme ukikatika mtoto hajahifadhi kazi yake, machozi yake hatuna pa kuyapeleka.

Sasa darasa. Mwaka huu tuliacha mtindo wa kuanza na "kibodi ni nini, skrini ni nini". Mtoto anakaa, anaanza mchezo siku hiyohiyo, na haondoki mpaka uwe unachezeka, hata kama ni mbovu. Ukifungua Scratch mhusika wa kwanza ni paka. Paka tunao wa kutosha vichochoroni, kwa hiyo tunamfuta na mtoto anachora mashua yake mwenyewe. Mashua inakaa sehemu ya chini ya jukwaa, yaani uwanja wa mchezo kwenye skrini, samaki wanaanguka kutoka juu, nawe unawadaka. Basi.

Udogo wa mchezo usiwadanganye. Jukwaa lina upana wa vipimo 480 na kimo cha 360, na sifuri iko katikati. Ili mashua iende kushoto, mtoto lazima aandike namba hasi. Nimewaona watoto ambao namba hasi zilikuwa zikiwatoa jasho shuleni wakibishana kama samaki arudishwe juu akifika hasi 170 au hasi 180.

Kwenye kudaka ndiko wote hukwama, na kila mara mahali palepale. Mtoto anaunganisha vipande vya amri: bendera ya kijani, ile ya kuanzisha mchezo, ikibonyezwa, ikiwa samaki amegusa mashua, ongeza alama moja. Anabonyeza. Samaki anapita juu ya mashua, alama haziongezeki. Anakwambia kompyuta imeharibika. Haijaharibika: iliuliza swali mara moja tu, pale bendera ilipobonyezwa, samaki akiwa bado juu, ikamaliza kazi yake. Lazima swali lile liwekwe ndani ya kipande cha kurudia bila kukoma. Akishaliweka, balaa jipya: samaki mmoja anampa alama chungu nzima, kwani kompyuta inauliza mara nyingi kwa sekunde na samaki bado yuko juu ya mashua. Dawa ni kumrusha samaki juu mara tu anapodakwa, mahali pa kubahatisha kati ya hasi 220 na 220. Mtoto aliyeligundua hilo peke yake amejifunza zaidi ya yule aliyenakili kurasa kumi za daftari.

Ndipo nafika kwenye jambo ambalo baadhi ya wakufunzi halikuwapendeza. Kamati imepitisha kwamba mkufunzi akisimama nyuma ya mtoto, mikono yake iwe mgongoni. Haruhusiwi kushika mausi. Tulichoka kuona michezo mizuri ambayo mwenyewe hawezi kuieleza, kwa sababu mwalimu ndiye aliyeijenga huku mtoto akitazama. Mnasema inachukua muda. Naam, inachukua. Muulize mtoto, "Ulitaka samaki afanye nini? Na amefanya nini?" kisha nyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu, najua, sisi tunapenda kusema.

Kuhusu lugha, Scratch ina Kiswahili kwenye orodha yake. Wengine walitaka Kiingereza tangu mwanzo kwa ajili ya mitihani. Tumeamua Kiswahili mpaka mchezo wa kwanza ukamilike, baadaye mtoto achague. Kubadilisha ni mibofyo michache na kazi haipotei.

Vijana wakubwa hawakuridhika na mashua inayotii mishale tu. Wakaongeza kigeu, yaani namba yenye jina inayoweza kubadilika, kinachoitwa upepo, kinachoisukuma mashua kwa kila mzunguko: kaskazi huku, kusi kule. Mmoja akaweka upepo ubadilike ghafla alama zikifika ishirini. Manahodha wawili walioalikwa siku ya maonyesho walishindwa vibaya, wakalalamika kwamba hakuna kusi ya namna ile. Kijana akachukua kalamu akawauliza ikoje, na toleo la pili limerekebishwa kwa maelezo yao.

Ratiba haibadiliki: Jumamosi asubuhi, ili tusigongane na madrasa, na Ramadhani tunafunga.

Mbele yenu leo kuna mambo mawili ya kupigia kura: ununuzi wa betri, na ombi la Mokowe la kufunguliwa darasa lao. La pili naliunga mkono, kwa sharti kwamba wapatikane wakufunzi wanaoishi kule. Anayejitolea aandike jina kwa katibu kabla ya kura, ambayo tutaipiga baada ya sala ya Adhuhuri.

Mwenyekiti